Kovu Lipo, Karatasi Haipo

Nishani ya Purple Heart, yaani Moyo wa Zambarau, hutolewa na Marekani kwa askari wake aliyeuawa au kujeruhiwa na adui. Inatofautiana na nishani za ushujaa kwa jambo moja kubwa: haingojei hiari ya mkuu wa kikosi. Nishani ya ushujaa hupendekezwa, hujadiliwa, na wakubwa huweza kuipandisha, kuishusha au kuitupa kapuni. Moyo wa Zambarau ni stahili. Aliyepigwa na adui na kutibiwa na daktari anastahili, hata kama alipigwa akiwa amelala. Asiyepigwa hastahili, hata awe simba wa vita. Kwa kanuni iliyonyooka namna hiyo, kusingekuwa na haja ya mtu kuiomba. Kumbe wapo wazee waliopeleka maombi, wakakataliwa, wakapeleka tena, miaka sabini na zaidi baada ya vita vyao kwisha.

Chimbuko la nishani hii ni tarehe 7 Agosti 1782, pale Jenerali George Washington, akiwa kambini Newburgh katika jimbo la New York, alipoagiza askari wa kawaida waliotumikia vyema washonewe kifuani moyo wa kitambaa cha zambarau. Jeraha halikutajwa. Wanaojulikana kwa hakika kuipokea alama hiyo ni watatu tu, kisha ikasahaulika kwa miaka 150. Jenerali Douglas MacArthur aliifufua tarehe 22 Februari 1932, siku ya kutimia miaka 200 tangu Washington azaliwe. Waliojeruhiwa katika Vita Kuu ya Kwanza, ambao hadi hapo walikuwa na utepe wa dhahabu tu kwenye mkono wa sare, walitakiwa waandike barua kuiomba. Kwa hiyo kuomba kumekuwamo tangu mwanzo. Hakukuletwa na wazee wa leo wenye kupenda sifa. Mwaka 1942 sifa ya utumishi bora iliondolewa, nishani ikabaki ya majeraha na vifo, na Rais Franklin Roosevelt akaifikisha kwa wanamaji pia.

Masharti ya sasa yanasimama juu ya mambo matatu. Pawepo jeraha, liwe limesababishwa na adui, na liwe limehitaji matibabu ya daktari, matibabu yenyewe yakaandikwa. La pili ndilo linalowaacha wengi nje. Baridi iliyokula vidole vya miguu haihesabiwi, ingawa katika vita vya Korea baridi iliwalemaza askari wengi. Miguu iliyooza kwa maji ya handaki haihesabiwi. Joto, chakula kibovu, ajali ya gari, kuanguka vibaya na mwavuli bila adui kuhusika, vyote viko nje. Aliyepigwa kwa makosa na risasi ya wenzake katika mapigano na adui anastahili, kwa sheria iliyopitishwa mwaka 1993. Madhara ya kiakili yatokanayo na vita yalikataliwa rasmi na Wizara ya Ulinzi mwaka 2009, kwa hoja kwamba si jeraha lililotiwa na adui kwa kukusudia. Hoja hiyo ina faida kwa karani kuliko kwa haki: tundu la risasi hupimwa kwa rula, usiku wa jinamizi haupimiki.

Ubongo uliotikiswa na mlipuko umekaa kati ya pande hizo mbili. Hauna damu wala tundu, lakini ni jeraha la mwili. Mwaka 2011 wizara ilifafanua kwamba mshtuko wa ubongo unastahili nishani hata kama askari hakuzirai, mradi daktari aliushughulikia. Ufafanuzi huo ulijaribiwa Januari 2020, Iran iliporusha makombora kwenye kituo cha Al Asad nchini Iraq. Siku za kwanza serikali ilitangaza kwamba hakuna aliyeumia. Baadaye askari zaidi ya 100 waligunduliwa kuwa na madhara ya ubongo. Nishani 29 zilitolewa mwaka huohuo, na nyingine 39 ziliidhinishwa mwishoni mwa mwaka 2021, baada ya malalamiko. Kumbukumbu za mlipuko zilikuwa mpya, madaktari wako hai, dunia nzima imeona habari. Bado ilichukua karibu miaka miwili.

Afrika Mashariki nayo imegusa mipaka ya nishani hii. Tangu mwaka 1962 raia waliotumikia pamoja na jeshi waliweza kupewa, na kuanzia 1984 shambulio la kigaidi lilitambuliwa kuwa sababu halali. Kisha Bunge la Marekani likaamua nishani iwe ya wanajeshi peke yao, uamuzi ulioanza kutumika Mei 1998. Haikutimia miezi mitatu, mabomu yakalipuka kwenye balozi za Marekani Nairobi na Dar es Salaam, tarehe 7 Agosti, na raia walioumizwa humo wakawa nje ya sheria. Vivyo hivyo Januari 2020, al-Shabaab waliposhambulia uwanja wa ndege wa Manda Bay kule Lamu, waliuawa Wamarekani watatu: mwanajeshi mmoja na wafanyakazi wawili wa kampuni za kandarasi. Kwa sheria hiyo, wawili hao hawamo.

Lakini kikwazo kikubwa kwa askari mkongwe ni karatasi. Katika mapigano makali, msaidizi wa tiba hufunga bendeji, humrudisha askari mstari wa mbele na hukimbilia mwingine. Hakuna anayefungua daftari. Wapo pia waliokataa kupelekwa hospitali ili wasiwaache wenzao, na kwa kukataa huko wakajinyima ushahidi. Na hata kilichoandikwa hakikusalimika chote. Tarehe 12 Julai 1973 moto uliwaka katika jengo la kumbukumbu za wanajeshi karibu na St. Louis, Missouri, jengo lisilokuwa na mfumo wa kunyunyiza maji. Yaliungua mafaili kati ya milioni 16 na 18. Kwa jeshi la nchi kavu, karibu asilimia 80 ya kumbukumbu za walioachishwa kati ya Novemba 1912 na Januari 1960 zilipotea: wa vita kuu zote mbili, na wengi wa Korea.

Mwenye kuomba leo huanza kwa kuagiza nakala ya chochote kilichobaki. Pasipo faili, hutafutwa ripoti za kila asubuhi za kikosi, zilizotaja nani yupo, nani mgonjwa, nani amepelekwa hospitali. Au orodha za waliolazwa zilizotunzwa na ofisi ya mganga mkuu wa jeshi. Ombi la askari wa nchi kavu hupitiwa Fort Knox, Kentucky. Likikataliwa, hupelekwa kwenye bodi ya raia yenye mamlaka ya kurekebisha kumbukumbu za jeshi, mamlaka yaliyotokana na sheria ya 1946. Muda wa kuwasilisha ni miaka mitatu tangu kosa kugunduliwa, ingawa bodi huweza kuusamehe, na mara nyingi husamehe. Viapo vya walioshuhudia hupokewa. Tatizo la viapo ni umri: mzee wa miaka 97 akiambiwa alete wenzake wawili walioona, anaagizwa makaburini.

Mmoja wa waliongoja muda mrefu ni Johnnie Jones, aliyejeruhiwa siku majeshi ya washirika yalipotua Normandy, Ufaransa, Juni 1944. Baada ya vita akawa wakili wa haki za raia Baton Rouge, Louisiana, akasimama na Weusi waliogomea mabasi ya mji huo mwaka 1953. Alipewa nishani Juni 2021, akiwa na miaka 101, akafariki mwaka uliofuata. Mwezi huohuo wa Juni 2021 alipewa pia Osceola Fletcher wa Brooklyn, mwenye miaka 99, aliyejeruhiwa kichwani Normandy baada ya gari lao kupigwa na kombora la Wajerumani. Wote wawili ni Weusi waliotumikia jeshi lililowatenga askari kwa rangi. Ni vigumu kuamini kwamba makarani wa jeshi hilo waliandika majeraha yao kwa uangalifu uleule waliowapa Wazungu.

Ugumu huu una sababu moja ya haki: waongo wapo. Sheria ya mwaka 2013 inamtia hatiani anayejidai kuwa na nishani hii ili apate fedha au manufaa. Nishani yenyewe huja na faida kadhaa, kama nafasi ya mbele katika matibabu ya wastaafu wa jeshi na, kwa waliojeruhiwa kuanzia Septemba 2001, malipo kamili ya masomo. Ila mzee wa Normandy haombi karo.

Serikali hiyohiyo, inapotoa fidia ya ulemavu, hutumia kipimo kingine. Sheria inaiagiza idara ya wastaafu wa vita kukubali maelezo ya askari aliyepigana, hata bila kumbukumbu rasmi, mradi yalingane na mazingira ya vita vyake, na ushahidi ukilingana pande zote mbili, shaka imnufaishe yeye. Hivyo mtu huweza kulipwa kila mwezi kwa vipande vya chuma vilivyomo mgongoni, huku jeshi likimwambia halijaona uthibitisho kwamba aliumia. Ikiwa neno lake linatosha kufungua hazina, ni ajabu lisitoshe kwa utepe. Uchache wa nishani si hoja, kwa kuwa zilizotengenezwa kwa ajili ya uvamizi wa Japani uliokusudiwa mwaka 1945 zilibaki karibu nusu milioni na zikatumika kwa miongo mingi. Bunge linaweza kuhamishia kanuni ya fidia kwenye nishani, angalau kwa wale ambao mafaili yao yaliungua mikononi mwa serikali.

Muombaji akifariki, mjane, mtoto au ndugu huweza kuliendeleza ombi. Miaka 62 baada ya askari kuachishwa jeshi, faili lake, kama lipo, huwa wazi kwa yeyote anayelipia nakala.