Kadi za punguzo la safari: Maveterani wa Marekani walipia kilicho bure?

Na Mwandishi Wetu

MTU aliyevaa sare ya jeshi la Marekani kwa miaka minne na kuondoka kwa heshima huhesabika kuwa veterani maisha yake yote. Hata hivyo, hahesabiki kuwa mstaafu wa jeshi. Tofauti hiyo, ambayo kwa masikio ya wengi ni ya maneno tu, ndiyo iliyozaa biashara ya kadi za uanachama zinazoahidi punguzo la nauli za ndege na treni, hoteli na magari ya kukodi kwa maveterani. Ndiyo pia iliyo chanzo cha malalamiko ya wateja wanaodai kwamba walilipa ada mwaka baada ya mwaka bila kuona faida yake.

Kwa kawaida, mstaafu wa jeshi ni yule aliyetumikia miaka isiyopungua 20, au aliyestaafishwa kwa sababu za kiafya. Huyo hubaki na kitambulisho cha jeshi, huingia kambini, hununua bidhaa katika maduka ya jeshi, hulala katika nyumba za wageni za jeshi na hata huweza kusafiri katika ndege za jeshi pale nafasi zinapobaki. Aliyeondoka baada ya mkataba mmoja hakuwa na haki hizo. Kwa sehemu kubwa ya maveterani wa nchi hiyo, ambao idadi yao inazidi milioni 16, mlango wa kambi ulifungwa siku walipokabidhi sare.

Katika pengo hilo ndimo yalimoingia makampuni binafsi. Utaratibu wao ni mwepesi kueleweka. Veterani hulipa ada ya mwezi au ya mwaka, kampuni huthibitisha kwamba kweli alitumikia jeshi, kisha humpa kadi au namba ya siri inayomfungulia bei maalumu zilizokubaliwa na mashirika ya usafiri. Hakuna uharamu katika mpango huo, na wapo wanaosafiri mara kwa mara ambao huona umewafaa.

Malalamiko huanzia mahali pengine, nayo yanafanana kwa kiasi cha kushangaza. La kwanza ni la uanachama unaojihuisha wenyewe: mteja hujiunga kwa kipindi cha majaribio cha bure au cha bei ndogo, kisha hukuta kadi yake ya benki imekatwa ada kamili ya mwaka. La pili ni ugumu wa kujitoa, kwani aliyejiunga kwa dakika chache kwenye intaneti huambiwa apige simu, asubiri, kisha asikilize ofa mpya kabla ya ombi lake kushughulikiwa. La tatu ni punguzo lenyewe: halipatikani siku za sikukuu, haliwezi kuunganishwa na ofa nyingine, au hukokotolewa kutoka katika nauli ya juu iliyotangazwa badala ya nauli ya chini ambayo mtu yeyote angeipata kwa kutafuta.

Hoja hiyo ya tatu inastahili hesabu. Tuchukue mfano wa kadi inayotozwa dola 5 kwa mwezi, yaani dola 60 kwa mwaka, na inayotoa punguzo la asilimia 10 katika tiketi ya treni ya dola 80. Kila safari humwokolea mwanachama dola 8. Atalazimika kusafiri mara nane kabla ya kurudisha ada yake na kubakiwa na dola nne mkononi. Mzee anayemtembelea mjukuu wake mara mbili kwa mwaka atakuwa ameokoa dola 16 kwa kulipa dola 60. Mfano huu ni wa kufikirika, lakini ndio mzani ambao kila mwanachama angepaswa kuutumia kabla ya kutoa namba ya kadi yake.

Mambo haya hayakuanza na maveterani. Mwaka 2009 Kamati ya Biashara ya Bunge la Seneti la Marekani, chini ya Seneta Jay Rockefeller wa West Virginia, ilichunguza makampuni matatu, Affinion, Vertrue na Webloyalty, yaliyokuwa yakiuza uanachama wa vilabu vya punguzo, yakiwemo mapunguzo ya safari. Uchunguzi ulibaini kwamba makampuni hayo pamoja na tovuti zilizoshirikiana nayo yalikusanya zaidi ya dola bilioni 1.4 kutoka kwa wateja. Mnunuzi aliyekuwa akikamilisha malipo ya kitu kingine kabisa aliletewa ofa mbele ya macho yake, na kwa kubonyeza mara moja namba ya kadi yake ilihamishiwa kwa kampuni ambayo hakuwahi kuisikia. Wengi hawakujua kwamba ni wanachama mpaka waliposoma taarifa za benki.

Matokeo yake yalikuwa sheria ya Desemba 2010, iliyolenga kurejesha imani ya wanunuzi wa mtandaoni. Sheria hiyo inamtaka muuzaji aeleze masharti yote ya msingi kwa uwazi kabla ya kuchukua taarifa za malipo, apate ridhaa ya wazi ya mteja, na aweke njia rahisi ya kusitisha makato yanayojirudia. Ilipiga marufuku pia ule mtindo wa tovuti moja kuikabidhi nyingine namba ya kadi ya mteja. Mwaka 2013 Affinion na makampuni yake tanzu yalikubali kulipa zaidi ya dola milioni 30 katika makubaliano na wanasheria wakuu wa majimbo 47.

Ikiwa sheria ipo tangu 2010, kwa nini malalamiko hayajakoma? Jibu moja ni kwamba maneno "njia rahisi" hayana kipimo. Tume ya Shirikisho ya Biashara ilijaribu kuweka kipimo hicho Oktoba 2024, ilipopitisha kanuni iliyotaka kujitoa kuwe rahisi kama kujiunga. Kanuni hiyo haikufika mbali. Julai 2025, siku chache kabla ya vifungu vyake vikuu kuanza kutumika, Mahakama ya Rufaa ya Shirikisho ya Mzunguko wa Nane iliitengua kwa kuwa Tume haikufuata hatua zote za utaratibu wa kuitunga. Majaji hawakusema kwamba kumzungusha mteja ni haki, bali walisema kwamba mtunga kanuni alikosea njia.

Sheria ya mwaka 2010 haikuguswa na hukumu hiyo, na bado ina meno. Septemba 2025 kampuni ya Amazon ilikubali kulipa dola bilioni 2.5 kumaliza kesi ya Tume kuhusu jinsi wateja walivyoingizwa na kuzuiwa kutoka katika uanachama wake wa Prime, bila kukiri kosa. Hata hivyo, ni vigumu kutarajia Tume kutumia mawakili na miaka kadhaa kuifuata kampuni ndogo ya kadi za punguzo. Kwa mwanachama aliyekatwa dola 60, hakuna wakili atakayeichukua kesi yake peke yake. Biashara ya makato madogo huishi kwa sababu kila jeraha ni dogo mno kulipigania mahakamani.

Jibu la pili linahusu maveterani wenyewe. Alama ya bendera, maneno ya shukrani kwa utumishi na picha za askari hujenga imani ambayo matangazo ya kawaida hayawezi kuinunua. Wapo wanaodhani kwamba kadi hizo zinatoka serikalini, ilhali ni za makampuni binafsi. Takwimu za Tume zinaonyesha kwamba mwaka 2023 wanajeshi, maveterani na familia zao waliwasilisha ripoti zaidi ya 93,000 za ulaghai, na hasara iliyotajwa ilizidi dola milioni 477. Idadi hiyo inahusu ulaghai wa kila aina, na kadi halali yenye masharti magumu haiwezi kuwekwa kapu moja na wizi. Lakini inaonyesha ni kundi gani linalowindwa.

Jibu la tatu ndilo zito zaidi, nalo halitajwi katika matangazo. Pengo ambalo kadi hizi zilizaliwa kuliziba limekuwa likizibwa na serikali yenyewe. Tangu Novemba 11, 2017, maveterani wote walioondoka kwa heshima wanaruhusiwa kununua katika maduka ya jeshi ya mtandaoni. Mwaka 2018 ilipitishwa sheria ambayo, kuanzia Januari 1, 2020, iliwafungulia maduka na huduma za burudani za kambini maveterani wenye ulemavu uliotokana na utumishi, waliotunukiwa nishani ya Purple Heart, waliowahi kuwa mateka wa vita na baadhi ya walezi wao. Mwaka 2019 Wizara ya Ulinzi ilizindua tovuti ya safari ya American Forces Travel kwa ushirikiano na Priceline, na haitozi ada ya uanachama. Hifadhi za taifa ziliondoa kiingilio kwa maveterani Novemba 2020, na sheria ya Desemba 2021 ikaifanya haki hiyo kuwa ya maisha. Shirika la treni la Amtrak nalo hutoa punguzo la asilimia 10 kwa veterani bila kumtaka awe mwanachama wa klabu yoyote.

Wahenga walinena kwamba vya bure ghali. Katika suala hili methali imegeuka: cha bure ni cha bure kweli, na ghali ni kile kilicholipiwa.

Wauzaji wa kadi wana utetezi wao, na si wa kupuuzwa. Masharti, wanasema, yameandikwa, na mteja mzima ameyakubali. Kuthibitisha utumishi wa mtu kunagharimu fedha, na ofa nyingi kukusanywa mahali pamoja humwondolea veterani usumbufu wa kuzitafuta. Hoja hiyo ingekuwa na nguvu zaidi iwapo mlango wa kutokea ungekuwa mpana kama wa kuingilia. Kampuni inayoamini bidhaa yake haina sababu ya kumficha mteja tarehe ya makato yajayo.

Suala hili linawagusa pia wasomaji wa Kiswahili. Mpango wa kuandikisha jeshini wageni wenye ujuzi adimu, ulioanza 2009 na kusitishwa 2016, ulikitaja Kiswahili miongoni mwa lugha zilizohitajika, na zaidi ya watu 10,000 wa mataifa mbalimbali waliingia jeshini kupitia njia hiyo. Wengi waliotumikia mkataba mmoja na kuondoka sasa ni maveterani wasio wastaafu, yaani kundi lile lile linalolengwa na kadi hizi. Kwa mtu ambaye nauli ya kwenda kuzika au kuoza nyumbani ni mzigo wa mwaka mzima, neno "punguzo" lina mvuto wa pekee.

Kwa aliyekwisha kukatwa fedha, sheria ya mwaka 1974 kuhusu makosa katika bili za mikopo inampa mwenye kadi ya mkopo siku 60 tangu taarifa yenye kosa ilipotumwa kuipinga kwa maandishi. Anayechelewa kusoma taarifa zake hupoteza kinga hiyo. Aidha, nakala ya hati ya kuondoka jeshini, ambayo mara nyingi hubeba namba ya hifadhi ya jamii, si karatasi ya kumtumia kila anayeiomba, kwa kuwa madhara yake yanaweza kuzidi mbali ada ya dola 60.

Bunge la Marekani lilitumia miaka kadhaa kuwafungulia maveterani milango iliyokuwa imefungwa. Kazi iliyobaki ni kuwaambia, kwa sauti kubwa kama ya matangazo ya kadi, kwamba milango hiyo iko wazi. Mpaka hilo lifanyike, wapo watakaoendelea kulipia ufunguo wa mlango usio na kufuli.