BERINGI IKILIA, ISIKILIZWE

Ndugu wanaushirika,

Mkutano ujao tutaamua kama ushirika ununue droni ya kupulizia dawa mashambani, ile wengine wanayoiita ndege nyuki. Mimi siipingi. Mwaka 2019 kule Cheju, Unguja, droni zilipulizia mashamba ya mpunga ili kuangamiza viluwiluwi vya mbu wa malaria. Basi kazi inaiweza. Ninalouliza ni moja tu: ikiharibika, nani ataitengeneza?

Droni kama DJI Agras MG-1S hubeba lita 10 za dawa na ina mota 8. Mota hizi hazina brashi za kaboni. Kinachogusana na kulika ni beringi tu, kwa kawaida mbili kila mota: pete mbili zenye gololi katikati. Gololi mnazijua kwenye baiskeli. Sasa kwetu Rungwe mvua ni nyingi. Maji na dawa vikipenya, grisi inaisha, kutu inaingia. Shafti inaanza kucheza, sumaku zinakwaruza chuma kilichozungushiwa nyaya za shaba, mota inaungua. Kumbe kitu kidogo kama kifungo cha shati kimekula mota nzima! Na mota ikikwama angani, droni yaweza kuanguka na dawa yake.

Kwa hiyo, kabla ya kununua, tupitishe haya:

1. Vijana wawili, wa kike na wa kiume, wapelekwe kujifunza. Kila jioni wavae glavu, watoe betri kwanza, wafungue mapangaboi, wazungushe kila mota kwa kidole. Inayokwaruza, kulia au kucheza hairuki kesho. Mota isimwagiwe maji. Ipanguswe kwa kitambaa chenye unyevu.

2. Beringi za akiba zinunuliwe pamoja na droni, za namba ile ile iliyoandikwa ubavuni. Zibadilishwe zote mbili kwa pamoja. Nyundo marufuku! Beringi mpya isukumwe taratibu kwa pete yake ya nje mpaka ikae. Kazi ifanyiwe kwenye meza safi, maana sumaku hunasa chembe za chuma.

3. Kila siku ya kupulizia, sehemu ya malipo iingie katika daftari la matengenezo, na daftari lisomwe mkutanoni mbele ya wote.

Wapo watakaosema, "Fundi si yupo mjini?" Sawa, yupo. Lakini ugonjwa wa mimea hausubiri basi la Mbeya. Wengine watasema vijana wakishajua watahama. Ndiyo maana nasema wawe wawili, na kila mmoja afundishe mwenzake hapa hapa. Sisi tuliojifunza kusoma ukubwani tunajua kuwa ufundi si wa wenye vyeti peke yao.

Jamani, usipoziba ufa utajenga ukuta. Tukikosa fedha ya beringi, basi ya droni nayo hatuna. Njooni mkutanoni tuamue.

Katibu wa Tawi,
Bagamoyo, Tukuyu