Huduma kwa wateja Ujerumani, jamani!

Nimekaa kimya wiki tatu na wengine mmeshaanza kuuliza kama Ulaya imenimeza. Haijanimeza, ila sina intaneti chumbani. Haya naandikia maktaba.

Kuna ubishi mmoja nataka niumalize leo. Nyumbani tukikwama kwenye ofisi yoyote, lazima atokee mtu wa kusema "wenzetu Ulaya unapiga simu moja tu, mambo yameisha". Huyo mtu namwomba sana aje anisaidie kupiga hiyo simu moja. Mimi nimepiga kumi na moja. Unaanza na mashine, bonyeza moja, bonyeza tatu, halafu muziki dakika arobaini, halafu anakuja binadamu mwenye adabu kabisa anayetaka namba yako ya mteja, na ukishamtajia anakwambia suala lako ni la kitengo kingine. Muziki tena!

Kisa chenyewe ni hiki. Kampuni ilisema fundi atakuja Jumanne kati ya saa mbili asubuhi na saa sita mchana. Nikakosa vipindi viwili, nikajifungia ndani, hata msalani nilikwenda mbio. Hakuna aliyebisha. Jioni ikaja meseji: tulifika, hukuwepo. Kumbe kengele ya chini bado ina jina la mpangaji aliyehama, na huku jina lako kwenye kengele na kwenye sanduku la barua ndiyo anwani yenyewe. Lisipokuwepo, hata barua inarudi ilikotoka. Kubadilisha kibao ni kazi ya msimamizi wa jengo, naye anapatikana Alhamisi tu. Dar fundi angepiga simu, "bosi niko hapa dukani kwa Mangi, nipite wapi?", na tungemaliza. Namba yangu ya simu kampuni inayo, maana hiyo meseji imenifikia. Ila hakupiga.

Intaneti haikuja, lakini bili ikaja. Euro thelathini na kitu. Msicheke, maana wengi wetu tunaishi kwa akaunti iliyofungwa: ili upate viza uonyeshe euro 11,904 za mwaka mzima, halafu unaachiwa 992 kwa mwezi, na humo kuna kodi ya chumba, bima ya afya, chakula nk. Kwa hesabu hiyo thelathini ni pesa ya kula wiki nzima.

Sasa msimamo wangu. Kwetu kuna "mtandao uko chini", kuna "rudi kesho", na kuna yule anayetaka ya soda. Huyo wa soda simtetei hata kidogo, ametuumiza vya kutosha, na huku hakuna aliyeniomba hata senti. Lakini kwetu mbele yako kuna mtu. Unamwambia "dada nisaidie, natoka mbali", anaguna, anainuka, anakwenda kumuuliza bosi wake. Huku mwenye uwezo wa kuamua humuoni wala humsikii, na yule unayemsikia hana uwezo wowote. Unamgombeza bure maskini wa Mungu.

Aliyenifungua macho ni dada mmoja wa Kijerumani anayesoma Kiswahili hapa chuoni (ndiyo, Leipzig wanafundisha Kiswahili, na yeye shikamoo anawapa mpaka rika lake). Alicheka aliposikia napiga simu. "Andika barua," akasema. Akanionyesha sheria ya mawasiliano iliyoanza Desemba 2021: fundi akikosa miadi, mteja anadai euro 10 au asilimia 20 ya ada ya mwezi, ile iliyo kubwa. Tena deni unalolipinga haliruhusiwi kupelekwa Schufa, wale wenye kumbukumbu za madeni, ambao mwenye nyumba huwa anataka karatasi yao kabla hajakupa chumba. Tukaandika ukurasa mmoja, tukapeleka posta kwa rejesta. Siku sita tu, bili imefutwa! Hakuna samahani. Ile 10 bado tunavutana, wao wanasema fundi alifika.

Kwa hiyo haki ipo, tena nzuri kuliko yetu, ila imekaa ndani ya Kijerumani cha kiofisi. Mgeni asiye na rafiki wa kumwandikia barua analipa na kunyamaza, na nawajua watatu waliolipa. Hapo ndipo nakilaumu chuo. Wiki ya kukaribisha wageni tulionyeshwa kantini, maktaba, mpaka namna ya kugawa takataka kwenye vile vindoo vya rangi rangi. Habari ya kengele hakuna aliyeigusa! Nimewaandikia ofisi ya wanafunzi wa kigeni waweke hata saa moja ya kufundisha barua ya malalamiko. Kwa barua, bila shaka.

Na nyie mnaokuja Oktoba, kampuni za intaneti zitawasukumia mkataba wa miezi 24. Ulizeni wa 12, kisheria wanatakiwa wawe nao.