Maiti Hutangazwa kwa Robo Saa, Ardhi kwa Siku 60 Hatuisikii

Siku moja baada ya sala ya alfajiri, spika ya msikiti wetu ilitoa tangazo tulilolizoea: inna lillahi, fulani bin fulani amefariki, mazishi leo baada ya adhuhuri. Haikupita robo saa, mji mzima ulikuwa na habari. Mama wa mahamri aliyekuwa bado anawasha jiko alijua. Wavuvi waliokwisha kushuka pwani walipigiwa simu. Vijana wa kuchimba kaburi walikuwa na majembe mikononi kabla jua halijapanda, na jamaa za marehemu walioko Mombasa walikuwa wameshafika stejini.

Siku iyo hiyo, mwendo wa saa nne, nilipita afisi moja ya serikali kutafuta muhuri wa barua. Mlangoni palikuwa na karatasi, pembe moja imeng'oka, wino umepauka kwa jua na mvua. Mbele yake amesimama mzee mmoja ambaye sote hapa mtaani tunamwita Ami.

"Mwanangu," akaniambia, "hebu nisomee hii. Naona namba namba na jina la kijiji chetu."

Ilikuwa kwa Kiingereza. Mimi nina stashahada, na Kiingereza cha afisini nakisoma karibu kila siku, lakini karatasi ile niliirudia mara tatu ndipo nikapata maana yake. Ilisema kwamba sajili ya ardhi ya kijiji, ile inayoandikwa baada ya maafisa kupima mashamba na kuorodhesha nani mwenyewe wa kipi, imekamilika. Yeyote anayeona kuna kosa na alete pingamizi kwa maandishi ndani ya siku 60. Nikahesabu tangu tarehe iliyoandikwa juu. Siku ile ilikuwa ya 51.

Mji sitautaja. Miji yetu midogo ya Pwani, ya barabara moja, soko moja na msikiti mmoja wa Ijumaa, yote ina mlango kama ule na karatasi kama ile.

Tulikwenda na Ami kuikagua sajili, maana hiyo ni haki ya kila mtu katika zile siku 60. Shamba lake la minazi, alilolirithi kwa babake, limekatwa vipande viwili vyenye namba mbili. Kipande kimoja kina jina lake. Cha pili kina jina ambalo hapa mjini hatujampata mtu anayelijua. Sisemi ni wizi, huenda ni kalamu iliyoteleza. Lakini sheria yenyewe ya mambo haya, sura ya 284, haiulizi kama ni wizi au ni kosa. Siku 60 zikipita bila pingamizi, sajili hufungwa na hati hufuata. Hata ukileta pingamizi na uamuzi ukakuendea kombo, rufaa kwa waziri nayo ina siku zake 60. Baada ya hapo umebaki na maneno tu.

Wapo watakaosema mzee ndiye mwenye makosa, karatasi ilikuwepo mlangoni. Kabla hatujamlaumu nataka tukumbuke mwaka 1908.

Mwaka ule serikali ya Mwingereza ilipitisha sheria ya hati za ardhi kwa ajili ya ukanda huu wetu wa Pwani. Mwenye madai ya ardhi alitakiwa ayapeleke mbele ya msajili, aonyeshe ushahidi, apewe cheti. Ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya Ufalme. Waliokuwa karibu na miji, wenye hati zao zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu na wenye mtu wa kuwasemea, wengi wao waliwahi. Walioko mashambani, Wamijikenda wengi na watu wa vijiji vya mbali ambao ardhi yao ilijulikana kwa makaburi, mibuyu na mashahidi wazee, wengi tangazo halikuwafikia, au liliwafikia kwa lugha na utaratibu wasioufahamu. Wajukuu wao ndio leo tunaowaita maskwota, juu ya ardhi walikozikwa babu zao. Dhuluma ya ardhi ya Pwani ina sababu nyingi, na wakubwa waliojigawia baada ya uhuru ni sababu kubwa mno. Lakini mlango wa kwanza ulifunguliwa na tangazo ambalo watu hawakulipata kwa wakati.

Sasa tazama linalotendeka leo. Gazeti Rasmi la Serikali, ambalo toleo lake la kwanza la mwaka 1899 lilichapwa hapa hapa Mombasa, kwa kawaida hutoka siku ya Ijumaa, siku ambayo sisi tunawaza kuoga, kanzu na hotuba. Humo ndimo yanamotoka mambo mazito. Mtu akidai hati yake ya shamba imepotea, tangazo hutoka humo na katika magazeti mawili yanayouzwa nchi nzima, na baada ya siku 60 bila pingamizi anaweza kupewa hati nyingine. Kama hati ya kwanza haikupotea na imo ndani ya sanduku la mamako, wewe utajuaje? Hapa kwetu magazeti huja na matatu ya saa nne, nakala hazizidi kumi, na jioni yashafungia bajia.

Na mambo ya kaunti ni vivyo hivyo. Makadirio ya bajeti yanatakiwa yafike katika bunge la kaunti kufikia tarehe 30 Aprili kila mwaka, na wananchi wasikizwe kabla hayajapitishwa. Tarehe hiyo haibadiliki, kila mwenye kupanga angeweza kututangazia mwezi mzima mbele. Mimi nimewahi kupata ujumbe saa mbili usiku unaoniita kwenye kikao cha maoni saa tatu ya asubuhi yake, katika ukumbi ambao nauli ya kwenda na kurudi ni kibarua cha siku nzima. Waliohudhuria waliandikwa majina, wakapewa soda, na ripoti bila shaka ikasema wananchi walishirikishwa.

Sheria nzuri tunazo. Katiba ya 2010, kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili lugha ya taifa na pia lugha rasmi sawa na Kiingereza. Kifungu cha 35 kimetupa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Kisha ikaja Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016, na humo kuna jambo ambalo ningependa kila mwenye baraza alijue: afisi ya umma inapotoa habari inatakiwa izingatie lugha ya mahali pale, na njia inayofikisha habari vizuri zaidi mahali pale. Kwa hivyo tunapoomba tangazo la Kiswahili hatuombi hisani. Karatasi ya Kiingereza kwenye mlango wa afisi iliyofungwa saa kumi, katika mji ambao watu hupashana habari kwa spika ya msikiti, imeikosea sheria hata kama imebandikwa siku ya kwanza na gundi nzuri.

Sheria iyo hiyo inakuruhusu uandike ombi lako kwa Kiswahili. Usiyejua kuandika, afisa anapaswa akuandikie. Ombi lenyewe halina ada, ingawa unaweza kudaiwa gharama ya nakala. Jibu ni ndani ya siku 21, na kama jambo linahusu uhai au uhuru wa mtu ni saa 48. Wakikunyamazia, iko tume ya malalamiko tuliyoizoea kwa jina la Ombudsman.

Na mahakama zimekwisha kuonyesha kwamba jambo hili lina meno. Mradi wa umeme wa makaa ya mawe kule Lamu ulipewa leseni ya mazingira na NEMA mwaka 2016. Tarehe 26 Juni 2019 Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira ikaifuta, na sababu kubwa ilikuwa kwamba watu wa Lamu hawakushirikishwa ipasavyo. Mradi wa mabilioni, wenye mawakili wakubwa, ulikwama kwa swali ambalo hata bibi wa kuuza viazi anaweza kuliuliza: mlituambia lini, na kwa njia gani? Kanuni za mazingira zilitaka mabango karibu na eneo la mradi, tangazo gazetini wiki mbili mfululizo, tangazo la redio kwa lugha rasmi na za wenyeji, na mikutano isiyopungua mitatu. Yule aliyeandika kanuni ile alimfikiria mtu wa kijijini. Nashangaa mbona anayetangaza ardhi asifanye vivyo hivyo.

Hapa lazima nijitaje na mimi. Jioni ya siku ile nilirudi nyuma katika grupu letu la WhatsApp la mtaa, lina watu zaidi ya 200. Nikavuta juu, nikavuta juu. Nikaikuta. Kijana mmoja alikuwa ameipiga picha karatasi ile siku ya tisa na kuituma. Ilikaa katikati ya dua ya Ijumaa na tangazo la godoro linalouzwa. Chini yake kuna kidole gumba kimoja. Mimi pia nilikuwa nimeipita, maana siku ile nakumbuka nilimjibu mwenye godoro.

Basi simu pekee haitatuokoa. Ami hana simu ya picha, na sisi wenye nazo tumeshiba ujumbe mpaka hatuuoni. Spika ya msikiti ina nguvu kwa sababu haizungumzi ovyo. Ikilia nje ya wakati wa adhana, kila mtu husimama akasikiliza.

Nilimwendea imamu wetu nikamwomba matangazo ya ardhi yasomwe humo. Akanikatalia kwa upole, na hoja yake ina uzito. Mtume (s.a.w.) amekataza mtu kutangaza msikitini kitu chake kilichopotea, kwani misikiti haikujengwa kwa ajili hiyo. Tukifungua mlango wa shamba leo, akasema, kesho atakuja mwenye mbuzi, na mwaka wa uchaguzi watakuja wenye kofia za vyama. La mwisho hilo lilininyamazisha, sote tunakumbuka vurugu za kipaza sauti. Tulikubaliana ubao utundikwe nje, kwenye ukuta wa upande wa mifereji ya kutawadhia, ambapo kila mtu hupita akisubiri zamu, na kwamba yeye baada ya sala atasema neno moja tu: kuna jambo jipya ubaoni. Wenye elimu kama wanaona tumekosea watusahihishe.

Limebaki suala la wanawake, na ndilo linalonitia hofu zaidi. Mwanamke haendi kutawadha kwenye mifereji ile, na kwenye baraza la chifu huja wachache wakakaa nyuma. Sheria ya Mwenyezi Mungu imempa fungu lake katika mirathi, lakini maafisa wanapokuja kupima, anayewaonyesha mipaka ni ndugu wa kiume, na jina linaloandikwa ni lake. Dada aliyeolewa kijiji cha pili hata hajui kwamba kuna sajili. Siku 60 zikipita, fungu alilopewa na Qur'ani limeyeyuka kwa kutopata habari, na ndugu atasema hakumnyang'anya mtu, ni serikali iliyoandika. Mwalimu mmoja wa madrasa ya wasichana amekubali kuyasoma matangazo kwenye chama cha akina mama cha Jumamosi. Nilipomweleza habari ya sajili, swali lake la kwanza lilikuwa kama jina lake limo. Hatujui bado.

Kazi ya Alhamisi wamepewa vijana wawili: kupita afisi ya chifu, ya ardhi na ya wadi, kunakili kila karatasi iliyobandikwa, kuitia Kiswahili na kuandika juu yake kwa wino mwekundu siku ya mwisho ya pingamizi. Alhamisi ya kwanza walirudi na tatu. Moja ilikuwa ya kukatwa umeme, na tarehe yake ilikuwa imeshapita.

Pingamizi la Ami tuliliandika kwa Kiswahili, kurasa mbili, na majina ya mashahidi wanne wanaoijua minazi ile tangu ikiwa miche. Tuliliwasilisha siku ya 57. Karani alitaka kulichukua bila kutupa kitu mkononi, tukasimama mpaka akapiga muhuri kwenye nakala yetu. Ami ameitia nakala ile ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na karatasi ya babake ya herufi za Kiarabu, juu ya kabati.

Tarehe ya kusikizwa hajaambiwa. Juzi nilimuuliza atajuaje ikitoka. Akanijibu kwamba kila asubuhi, akishatoka kuswali na kusoma ubao wetu, hupita pia kwenye mlango ule ule.