Akiba ya Umeme Mkutanoni

Katika mikutano ya siku nyingi, wajumbe hugombea soketi ili kuchaji simu zao. Ni kosa kudhani kuwa dawa ni kuongeza soketi tu. Ukumbini mawimbi yanapodhoofishwa na kuta nene, au simu nyingi zinapotegemea mnara mmoja, kila simu hutumia nguvu zaidi kuwasiliana, na betri huisha upesi. Yafaa kwanza kupunguza mwanga wa kioo na kuzima mawasiliano yasiyohitajika. Betri ya akiba ya miliampea-saa 10,000 kwa volti 3.7 hubeba wati-saa 37; hata hivyo haijazi kikamilifu simu mbili za miliampea-saa 5,000, kwani sehemu ya nishati hugeuka joto. Walimu hawana budi kuwafundisha wanafunzi hesabu hii. Akiba haiozi, ila ya umeme hupungua njiani.