Buloni iliyokatika isiachwe ndani



Siku ya posho mukipita katika lupango za hapa Kalemie, mutaona motokari imeinuliwa juu ya mawe na mtu amelala chini yake. Kiisha mutasikia: tak! Buloni imekatika. Na neno linalofuata ni lile lile kila mara: «Acha tu, zile zingine zitashika.» Mimi nasema neno hilo ni baya sana.

Tutazame gurudumu. Waliotengeneza gurudumu la buloni 6 walihesabu nguvu ya buloni 6. Kazi ya buloni si kubeba tu kama msumari. Inalibana gurudumu mpaka lisicheze hata kidogo. Ikikatika moja, zile mbili za karibu zinapokea kazi yake. Kisha gurudumu linaanza kucheza, na kila likizunguka linazipinda na kuzirudisha, kama vile tunavyofanya waya tukitaka kuikata bila pense. Ya pili inakatika, na ya tatu haingoji siku nyingi. Sasa wazeni kamio inayokwenda Nyunzu ao Moba, imejaa magunia, na juu ya magunia wamekaa mama na watoto. Wale hakuna aliyewauliza kama zile zingine zitashika.

Kinachonikasirisha zaidi ni hiki: ile ya gurudumu mara nyingi ndiyo rahisi kutoa kuliko zote. Katika Toyota nyingi haikufungwa kwa meno ndani ya chuma, ilisukumwa tu kwa nguvu kutoka nyuma. Toa gurudumu, toa ngoma ya freni, piga kile kipande kwa nyundo, kinatokea nyuma. Mpya inavutwa mahali pake kwa ekru. Lakini ndiyo inayoachwa, juu motokari inatembea bila hiyo! Ya mashini ikikatika, maji yanavuja, moshi unatoka, na mwenyewe anatafuta fundi mbio mbio.

Hizo za mashini kweli zina taabu. Kama kipande kimebaki nje kidogo, fundi wa kuchoma chuma anaweka ekru juu yake na kuijaza moto katikati. Ekru inashikamana na kipande, tena ule moto unavunja kutu. Ngoja ipoe kidogo, kisha zungusha polepole. Kama imekatikia ndani, piga alama katikati kabisa, anza na tundu dogo la milimetre 3, kiisha panua. Ukikosa katikati, utakula chuma cha mashini yenyewe, zaidi ikiwa ni aluminiamu, maana ni laini kuliko buloni. Na kile chuma cha kuingiza kwenye tundu na kuzungusha kwa kushoto, usikilazimishe. Ni kigumu sana. Kikivunjika ndani, mashini ya kutoboa haitakiweza, na taabu moja imekuwa mbili.

Lakini afazali isikatike. Piga kutu kwa brashi ya chuma, tia mafuta ya taa, na ulale. Ndiyo, ulale! Mafuta yanahitaji usiku mzima kupenya. Asubuhi gonga kichwa kwa nyundo ndogo, kaza kidogo, legeza kidogo, kaza tena. Mwenye kutaka kutumia moto apanguse mafuta kwanza, na asikaribie tanki ao mipira ya freni. Tena uangalie upande wa kuzungusha: malori mengine ya zamani, buloni za gurudumu za kushoto zinafunguka kwa kuzungusha kinyume. Nguvu nyingi za vijana zimepotea pale.

Kuna watu wanaosema girisi ni kupoteza franga. Wao wasikie habari ya ziwa letu. Mwaka 1916 Wadachi walizamisha wenyewe meli yao Graf von Götzen karibu na Kigoma, isiingie mikononi mwa adui. Mafundi wao walipaka mashini zake girisi nyingi kwanza. Waingereza waliiinua mwaka 1924, mashini zilikuwa bado nzuri, na mwaka 1927 ikaanza kutembea tena kwa jina la Liemba. Miaka yote ile ndani ya maji! Na sisi tunafunga buloni ya ekzosi kavu kabisa, kiisha tunashangaa inakatika. (Ya gurudumu ni kitu kingine: isafishwe kwa brashi, lakini pale ekru inapokalia pasipakwe girisi, maana italegea.)

Najua shofere atanijibu: «Weye mwanafunzi unasema tu. Mizigo imepakiwa, patroni anangoja, mvua inakuja.» Ni kweli, na sisemi kwamba yeye ndiye mwenye kosa kubwa. Patroni anayekataa kununua buloni moja, lakini anaongeza magunia kumi, yeye ndiye namtazama. Hata hivi, anayeshika usukani anaweza kukataa kutoka, na sisi tunaopanda juu tunaweza kuinama na kuhesabu ekru kabla ya kulipa. Vakansi iko karibu, na wengi wetu tutapanda kamio hizo kurudi nyumbani. Kuhesabu mpaka 6 tulifundishwa zamani.

Mwanafunzi wa mwaka wa sita