Je, Chanjo Ndiyo Iliyoleta Maradhi ya Viungo?

Leo tuzungumze jambo linalozunguka sana hapa Dubai, kwenye maduka ya Deira, kwenye vyumba vya kupanga vya Satwa na katika ujumbe wa sauti tunaotumiana usiku. Maneno yenyewe ni haya: "Fulani alikuwa mzima kabisa. Akachomwa sindano ya kazi, miezi miwili baadaye viungo vikamvimba, akaambiwa ana lupus. Ile sindano ndiyo iliyomharibu." Wapo waliofika mahali pa kuwakataza wadogo zao wanaokuja kutafuta riziki wasikubali chanjo ya homa ya ini B.

Maoni yangu ni kwamba hofu hii ina chembe ya ukweli ndani yake, lakini imemwelekea asiye mkosaji mkubwa. Mkosaji mkubwa ni virusi vyenyewe.

KINGA INAPOKOSEA NJIA

Mwili una askari wake wa kupambana na vijidudu. Wakati mwingine askari hao hugeuka na kumpiga mwenye nyumba. Hapo ndipo tunapata lupus, baridi yabisi inayopinda vidole, kisukari cha aina ya kwanza, na ule ugonjwa wa mishipa ya fahamu unaojulikana kwa herufi MS. Sababu hazifanani kwa kila mtu: kuna urithi wa ukoo, kuna homoni (ndiyo maana wanawake huumwa lupus zaidi ya wanaume), kuna sigara, na kuna maambukizi. Kipande cha kirusi kinaweza kufanana na kipande cha mwili wetu, askari akachanganya adui na ndugu. Kwa kuwa chanjo nayo huwaamsha askari wale wale, si ujinga mtu kuuliza kama inaweza kuleta shida hiyo hiyo. Swali ni halali. Tatizo ni kulijibu kwa uvumi.

MFANO UNAOTOKA KWETU

Hatuna haja ya kwenda mbali. Jina chikungunya, ambalo dunia nzima inalitumia leo, ni neno la Kimakonde. Maana yake ni kile kinachomkunja mtu. Mlipuko wa kwanza kuandikwa na madaktari ulikuwa wa mwaka 1952 katika nyanda za Wamakonde, kusini mwa Tanganyika. Mwaka 2004 ugonjwa ulipiga Lamu, na uchunguzi wa damu ulionyesha kuwa takriban watu 75 katika kila 100 kisiwani waliambukizwa. Kisha ukaingia Mombasa, ukavuka hadi Ngazija mwaka 2005, halafu Réunion na India.

Homa yenyewe huisha kwa siku chache, lakini kuna watu waliobaki na viungo vilivyovimba kwa miezi, wengine kwa miaka, hata daktari asiyeijua historia yao akadhani ni baridi yabisi ya kawaida. Lamu ya mwaka 2004 haikuwa na chanjo ya chikungunya. Aliyewaachia watu maumivu ni mbu na kirusi alichobeba.

Mfano mwingine ni virusi vya Epstein-Barr, ambavyo karibu kila mtu mzima duniani anavyo. Mwaka 2022 watafiti wa Harvard walitoa matokeo ya kufuatilia zaidi ya wanajeshi milioni 10 wa Marekani. Waliona kwamba hatari ya kupata MS iliongezeka mara 32 baada ya mtu kuambukizwa virusi hivyo. Wengi wanavyo na hawaumwi, lakini asiyevipata ni nadra sana kuumwa MS.

NA CHANJO JE?

Hapa tuseme kweli, maana anayeficha kidogo haaminiwi hata kwenye kikubwa. Mwaka 1976 Marekani iliwachanja watu zaidi ya milioni 40 dhidi ya homa ya mafua ya nguruwe. Ikaonekana kwamba mtu mmoja zaidi katika kila 100,000 alipata ugonjwa wa kupooza wa Guillain-Barré. Mpango ukasimamishwa mwezi Desemba mwaka huo huo. Mwaka 2010 Finland na Sweden ziligundua watoto waliopata maradhi ya usingizi usiozuilika baada ya chanjo ya mafua iitwayo Pandemrix. Na mwaka 2021 chanjo ya Covid ya Johnson & Johnson iliwekewa onyo kuhusu Guillain-Barré. Mambo haya yametokea, na waliosema hadharani ni wakaguzi wa chanjo wenyewe.

Lakini ile ya homa ya ini B, inayosemwa sana hapa, ina historia nyingine. Mwaka 1998 Ufaransa ilisimamisha kuchanja wanafunzi mashuleni kwa hofu kwamba chanjo hiyo inaleta MS. Mwaka 2001 zikatoka tafiti mbili kubwa, na zote hazikuona uhusiano huo. Chanjo hii haina kirusi hai ndani yake, ina protini ya ganda lake tu. Kinyume chake, kirusi cha homa ya ini B ndicho kinachoweza kuichochea kinga iunguze mishipa ya damu, na huko huko Ufaransa ugonjwa huo wa mishipa ulipungua baada ya chanjo kuenea. Hapo bado hatujataja saratani ya ini. Na kumbukeni kwamba kwetu watoto walianza kupewa chanjo hii mwanzoni mwa miaka ya 2000. Wengi wetu tuliozaliwa kabla ya hapo hatukuipata utotoni.

KWA NINI BASI TUNAILAUMU SINDANO?

Lupus huanza zaidi kwa wanawake wa miaka 15 hadi 44, na huwapata zaidi wenye asili ya Afrika. Umri huo ndio dada zetu wanaokuja Dubai kufanya kazi za nyumbani, saluni na hoteli, na ndio wakati wanaopimwa na kuchomwa sindano. Kwa hiyo lazima wapo ambao ugonjwa utawaanza wiki chache baada ya chanjo, hata kama chanjo ingekuwa maji matupu. Kufuatana si kusababishana.

USHAURI WANGU

1. Ukitakiwa kuchanjwa homa ya ini B, kubali na umalize dozi zote. Uliza jina la chanjo na utunze kadi.

2. Kama tayari una lupus au baridi yabisi na unatumia dawa za kushusha kinga kama methotrexate, au prednisolone kwa kiwango kikubwa, MWAMBIE DAKTARI KABLA YA SINDANO YOYOTE. Chanjo zenye kirusi hai, kama ya homa ya manjano na ya surua, zinaweza kukudhuru. Anayekaa Nairobi wiki moja kisha kwenda Zanzibar huombwa kadi ya manjano. Usichomwe tu ili upite uwanja wa ndege. Daktari anaweza kukuandikia cheti cha msamaha wa kiafya. Wala usiache dawa zako kimya kimya ili uchanjwe.

3. Miguu ikianza kufa ganzi na udhaifu ukapanda juu, baada ya homa au baada ya chanjo, usingoje kesho. Piga 998 upate gari la wagonjwa.

4. Viungo vikivimba zaidi ya wiki 6, pamoja na vidonda mdomoni, nywele kunyonyoka au vipele usoni, tafuta daktari bingwa wa viungo. Usikae na dawa za maumivu za kununua dukani.

Na ombi langu kwa wauguzi wetu: mtu akiuliza kuhusu madhara, msimjibu "haina chochote". Mpeni hesabu, apime mwenyewe, chanjo upande mmoja na ugonjwa upande wa pili. Watu wetu ni wafanyabiashara, hesabu wanaijua.

Ni hayo kwa leo. Mwenyezi Mungu atujaalie afya njema, na awaponye wanaoumwa.